Chuma Kiko Chini ya Kitanda cha Mama

Dada Luiza,

Nimechoka kukutumia salamu kwa watu. Nilimpa dereva wa lori la mkonge aliyesema anafika mpaka Mtwara. Nikampa sista mmoja wa misheni. Nikampa hata yule binamu yako wa mbali, yule ambaye akikwambia jua limechomoza inabidi utoke nje ukahakikishe. Hakuna aliyerudi na neno. Sasa nimeamua kuandika barua ya wazi na kuipeleka gazetini isomwe na kila mtu. Atakayeisoma akiwa karibu nawe akupige begani akwambie kwamba unatafutwa nyumbani Handeni, na kwamba mdogo wako amekasirika.

Nianze na lililo kubwa, usije ukasema nilikuzungusha. Mama amefariki. Alipata homa wakati wa palizi, tukampeleka hospitali Korogwe, wakampa dawa, akarudi akasema amepona. Akapika, akagombana na kuku wa jirani waliomwingilia jikoni, na wiki haikwisha akatutoka. Hakusumbua mtu. Tumemzika hapa hapa kijijini, upande ule wa juu ulikokuwa unachimba udongo mwekundu wa kukandika ukuta. Nilitaka uwe mtu wa kwanza kujua. Umekuwa wa mwisho, na hilo sikulitaka mimi. Umelitaka wewe kwa huo ukimya wako.

Ndiyo, nasema ukimya wako. Wewe hukuanza kunyamaza ulipoondoka. Ulikuwa hivyo hivyo ukiwa unalala nami kwenye mkeka mmoja.

Arobaini ya Mama ilipopita nilipanda basi kwenda Korogwe kutafuta habari zako. Nilizunguka kambi za mkonge nikawauliza watu wa kwenu waliobaki, wale ambao hawakurudi kusini, ng'ambo ya mpaka, nchi yenu ilipopata uhuru. Bibi mmoja mwenye ndonya, kile kipini cha mdomo wa juu, alinikaribisha akanipa maji. Alikufahamu. Alimfahamu na mjomba wako aliyekuleta kwetu.

"Huko kumeanza vita vingine, mwanangu," akaniambia. "Barua itapita wapi?"

"Kwa hiyo nifanye nini, bibi?"

"Ngoja."

Nimengoja tangu nikiwa msichana, Luiza. Nimekuwa mama wa watoto nikiwa bado nangoja. Nilitoka pale nimenuna, nikaenda kulala kwa shangazi, mtaa wa Manundu pale pale Korogwe, na jioni hiyo hiyo, baada ya magharibi, watoto wake wakanivuta kwenda uwanjani kwa sababu gari la sinema limekuja. Mimi na sinema, unajua, sina habari nazo. Nilikwenda ili nisibaki ndani nikilia mbele ya shangazi.

Wakafunga shuka jeupe, mashine ikaanza kunguruma. Haikuwa sinema ya kuchekesha wala ya kilimo bora. Ilikuwa ya kweli, iliyopigwa huko kwenu wakati wa vita vile vya kwanza, vya kudai uhuru. Ilihusu watoto tu. Watoto wanasoma chini ya miti, ubao umefungwa kwenye shina kwa kamba za magome. Watoto wanabeba maji. Watoto wanapiga gwaride na bunduki za mti, na mmoja mdogo anakosea mguu kila mara, na watu wa Manundu wakacheka. Nikacheka na mimi.

Halafu nikaona chuma. Kipande cha chuma kimening'inizwa kwenye tawi, na mzee mmoja anakuja mbio anakigonga kwa nondo. Watoto wote wakainuka kwa wakati mmoja. Hakuna aliyelia, hakuna aliyeuliza kitu. Wakubwa wakawashika wadogo, wakakimbia nao mpaka kwenye mahandaki, wakawalaza chini, na wao wakalala juu yao. Kisha ukasikika mlio wa ndege. Msemaji wa sinema akaeleza kwamba katika shule ile kila mtoto mkubwa amepewa mdogo wake wa kukimbia naye, na kwamba hufundishwa kushika kifundo cha mkono badala ya kiganja, kwa sababu kiganja kina jasho na huteleza.

Kijana mmoja nyuma yangu akacheka, "Tazama wanavyotimua." Niligeuka nikamwambia anyamaze kabla sijamnyamazisha. Shangazi akanivuta kanga. Sikuona vizuri sehemu iliyofuata kwa sababu ya machozi, na kwa sababu kichwa cha mwanamume mmoja mrefu kilikuwa mbele yangu, nami nilikuwa najaribu kutazama kila uso wa mtoto wa kike nione kama ni wewe.

Hukuwepo, au ulikuwepo na kile kichwa kikakuziba. Mradi nilirudi kwa shangazi nimekasirika kuliko nilivyotoka.

Kwa sababu ungesema tu. Ungekaa siku moja, tukichambua mboga, ukasema, Hawa, huko nilikotoka chuma kikigongwa maana yake ni hivi. Ningeelewa. Nilikuwa mdogo lakini sikuwa mjinga. Badala yake uliniacha nikakua na fumbo, nikaja kufumbuliwa na msemaji wa sinema nisiyemjua, katikati ya umati, na njugu mkononi.

Unakumbuka ulivyokuja? Tulikuwa tunakaa karibu na kambi ya mkonge upande wa Korogwe, baba ameshafariki, Mama anauza mihogo ya kuchemsha kwa wakata mkonge. Mjomba wako alikuwa mteja wake. Asubuhi moja akaja nawe, umevaa shati la mwanamume linalofika magotini, akasema, "Mama Hawa, nishikie huyu. Nakwenda kusini mara moja." Mara moja yake haijaisha mpaka leo. Mama akakuuliza kama umekula. Hilo ndilo swali pekee nililomsikia akikuuliza siku ile, na wewe ukatikisa kichwa, ukapewa muhogo, ukaumega ukaweka kipande kingine pembeni kwenye jani. Nilikuuliza hicho cha nani. Ukakifunika kwa ukingo wa jani. Nikakila mimi, na wewe ukanitazama nikila mpaka nikamaliza.

Tuliishi vizuri pale, kwa namna yetu. Ulijifunza Kizigua haraka kuliko nilivyojifunza mimi kuhesabu, ukawa unanisahihisha mbele ya wajomba zangu. Wageni walidhani wewe ndiye mtoto wa nyumba na mimi ndiye wa kuja. Mama alifurahi. Mimi sikufurahi hata kidogo.

Kisha ikaja amri ya kuhamia vijijini. Tukapakiwa kwenye lori na vyungu vyetu, tukarudishwa huku kwetu Handeni, kwenye kijiji kipya cha ujamaa kando ya barabara ya kwenda Chanika, nyumba zimepangwa kwa kamba, mstari mmoja na mstari mwingine. Mbele ya ofisi ya kijiji, kwenye mkwaju, Mwenyekiti akatundika kipande cha reli. Kikigongwa asubuhi, kila mwenye jembe aende shamba la bega kwa bega, lile la kijiji kizima, watoto wakubwa pia.

Siku ya kwanza kilipogongwa nilikuwa napiga mswaki. Ulitokea sijui wapi, ukanikamata hapa, kwenye kifundo cha mkono, mkono wako wa pili ukamkamata Saidi wa jirani aliyekuwa anapita zake tu, tukakimbia mpaka kwenye korongo lililo nyuma ya nyumba. Ukatulaza. Ukalala juu yetu. Palikuwa na siafu. Nikipiga kelele unasema, "Nyamaza. Inama." Saidi analia, mimi nalia, siafu wanakula, na wewe umetazama juu mbinguni kana kwamba mvua inakuja. Tulikaa humo mpaka jua likawa kali. Tulipotoka, kijiji kizima kilikuwa kimeshalima na kurudi.

"Watoto wa Mama Hawa ni watoro," Mwenyekiti akasema mbele ya watu. Tukapewa adhabu ya kubeba maji ya kufyatulia matofali ya zahanati. Saidi naye akabeba, maskini, na kwao akachapwa juu yake.

Ningekuelewa kama ingekuwa mara moja. Lakini kila chuma kilipogongwa, wewe na kifundo changu. Nilijaribu kujificha chooni, ukanifuata chooni. Nilijaribu kuamka mapema niwe nimeshafika shambani, ukaja kunitoa shambani mbele ya watu wote. Mkono ulikuwa na alama. Nikamwonyesha Mama.

"Umeng'oka?" akauliza.

"Haujang'oka."

"Basi kale."

Hivyo ndivyo mlivyokuwa, nyinyi wawili. Yeye anajua, wewe unajua, na mimi ninayeburutwa ndiye sijui. Nilidhani wewe ni mvivu wa kulima mwenye akili nyingi kupita kiasi. Kusema kweli kuna siku nilikustahi kwa hilo.

Halafu ukaja mwaka wa njaa. Mahindi yalikauka yakiwa yamefika kiunoni, tukala mizizi, na siku moja lori likaleta unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano ya msaada. Mwenyekiti akagonga chuma, watu watoke na ndoo wapange foleni. Watu wakakimbilia ofisini wakishangilia. Sisi tukakimbilia korongoni. Nilikuwa na njaa inayouma, Luiza, nikakupiga ngumi, nikakung'ata bega, na hukuniachia. Mama alikuwa ametoka kutafuta kuni. Aliporudi unga ulikuwa umekwisha kugawiwa, akaja kututafuta akiwa na ndoo tupu.

Nilifikiri atakuchapa. Nilitaka akuchape, sikufichi. Akateremka korongoni, akakaa chini kwenye mchanga pamoja nasi, ndoo kwenye mapaja.

"Wamegawa unga," akasema.

Nikaanza kulia. Wewe hukulia, ulimtazama tu, bado umenishika. Mama akautazama ule mkono wako kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Sasa limepita, Luiza. Mwachie mwenzio," na wewe ukaniachia. Mimi nilipokuambia, ulikuwa hujapata kuniachia hata mara moja.

Asubuhi iliyofuata chuma hakikuwepo kwenye mkwaju. Unajua ilivyokuwa, walipekuliwa vijana wote, wakasingiziwa wafua visu. Mkutano ukaitwa kwa kupitiwa nyumba hadi nyumba. Mama akasimama, amejifunga kanga yake ile ya kwendea misibani.

"Chuma kiko kwangu," akasema. "Kiko chumbani, chini ya kitanda. Anayekitaka aingie akakichukue."

Nani aingie chumbani kwa mjane? Wanaume wakatazama chini. Mwenyekiti akakohoa. Akamtazama mkewe, na mkewe akawa anatazama paa.

"Mama Hawa, kile ni mali ya kijiji. Sasa watu tutawaita kwa nini?"

"Ngoma zipo. Kile chuma kinamtisha mtoto wangu."

"Mtoto gani? Hawa?"

"Nina watoto wawili," Mama akasema, akaketi.

Wewe ulikuwa umebaki nyumbani na uji jikoni, kwa hiyo hukuyasikia haya, na nilipotaka kukusimulia Mama alinikata jicho. Sasa nayaandika gazetini, na aje anikate jicho. Ngoma ya harusi ikaazimwa nyumba ya mwisho. Ilipopigwa mara ya kwanza watu walitoka wakicheza, wakiulizana nani anaoa, Mwenyekiti amekasirika mpaka jasho linamtoka. Na wewe, wewe uliyetufanya tubebe maji miezi yote ile, ulisikia ngoma ukachukua jembe ukatangulia mbele ya kijiji kizima. Ukalima sehemu yako ukamaliza, ukaja kunicheka mimi niliye nyuma. Nilitamani chuma kirudi.

Hakikurudi. Mpaka leo kijiji hiki kinaitwa kwa ngoma. Watoto waliozaliwa baadaye wanafikiri ni mila.

Nchi yenu ilipopata uhuru na watu wakaanza kurudi, ulitangaza safari kana kwamba unakwenda kisimani. Nilikusindikiza mpaka stendi ya Korogwe. Nilikuwa nimekusudia nisikuulize kitu, maana nilijua hutajibu, lakini nikashindwa.

"Unakwenda kufanya nini huko?"

"Kutazama tu. Nikishaona nitarudi."

"Kutazama nini?"

"Mtu," ukasema.

Neno moja. Nikakuuliza mtu gani, ukanishika kifundo cha mkono, ukakishika mpaka kondakta akapiga ubavu wa basi na kukufokea kwamba unachelewesha abiria. Ukapanda. Nilirudi nyumbani nikamwambia Mama umekwenda kutafuta mwanamume. Mama akasema, "Wewe Hawa, huna akili," na hakunieleza chochote zaidi. Wewe na yeye mlistahili kuzaliwa tumbo moja.

Sasa nimeiona sinema, nadhani nimejua. Kila mkubwa alipewa mdogo wake. Mimi ulinikuta Korogwe, kwa hiyo kabla yangu alikuwepo mwingine, aliyewekewa kile kipande cha muhogo kwenye jani. Alikuwa nani, Luiza? Alikuwa wa tumbo lenu au ulipewa tu? Aliteleza mkononi mwako? Huyo ndiye uliyekwenda kumtazama? Nimelala Manundu macho wazi nikijiuliza, na hasira yangu yote kwako ni kwamba ningeweza kukusaidia kulibeba hilo. Nilikuwa nalala ubavuni mwako. Ungenigusa tu.

Basi sikiliza kilichotokea baada ya kurudi kwangu kutoka Korogwe, maana ndicho kinachonifanya niandike.

Mwenyekiti sasa ni Saidi. Ndiyo, yule yule wa siafu. Ngoma imepasuka ngozi, na Saidi ameitisha mkutano. Akamkumbuka marehemu Mama kwa maneno mazuri, kisha akasema kwamba kile chuma ni cha kijiji, mwenye chumba hayupo tena, kwa hiyo kitolewe kirudishwe mkwajuni.

"Kilitolewa kwa ajili ya Luiza," akasema. "Luiza ameondoka zamani. Hatuna habari kama yu hai. Sasa tunamhurumia nani?"

Watu wakanitazama. Walikuwa na haki ya kunitazama, maana kila jambo hili lilipozuka, Mama ndiye aliyekuwa akijibu, "Mwanangu anarudi," na mjadala ukaisha. Nilikuwa nimejipanga kuwaeleza sinema, mahandaki, mdogo na mkubwa, yote. Nikasimama, yote nikayaacha. Nikasema neno moja, kama wewe.

"Anarudi."

"Lini?" Saidi akauliza.

"Kwani nimesema lini? Nimesema anarudi."

Watu wakacheka. Saidi hakucheka. Alikuwa anasugua kifundo chake cha mkono, sidhani kama mwenyewe alijua. Kisha akasema, "Haya. Atafutwe mbuzi, tuwambe ngozi mpya. Lakini akifika, Hawa, uniite. Siafu wale nina neno nao."

Kwa hiyo mbuzi amechinjwa, ngozi imewambwa, na kijiji kizima kinajua kwamba unarudi. Chuma kiko pale pale. Nalala juu yake siku hizi, kwenye kitanda cha Mama, ili asije mtu akasema chumba hakina mwenyewe. Kamba zimelegea na mgongo unaniuma, na hilo nalo nimekuwekea kwenye hesabu ya makosa yako.

Kama umempata uliyemfuata, njoo naye, kitanda kitawatosha, mimi nitarudi kwenye mkeka. Kama hukumpata, njoo hivyo hivyo. Sitakuuliza kitu. Nitakuuliza kama umekula.

Nimewaambia watu wote unarudi, Luiza. Usiniumbue.

Mdogo wako wa pili,
Hawa